BTU, kilowati, HP au tani: uhesabu AC yako kwa kipimo kipi?

Shemeji yangu alinipigia simu akiwa Kariakoo, mwezi wa kwanza, saa nane mchana, ule wakati ambao Dar hata aliyekaa kivulini analowa. Mbele yake zilikuwa AC mbili. "Shemeji, hii imeandikwa wati elfu tatu mia tano na ishirini. Nyingine wati mia nane themanini. Muuzaji anasema zote ni moja na nusu. Si nichukue hii ya mia nane, LUKU ipumue?"

Nikamwomba asitoe hela kwanza, anipigie picha stika zote mbili. Zilipofika nikaelewa kilichomchanganya. Kwenye mashine ya kwanza alikuwa amesoma mstari wa juu, wenye herufi kubwa: Cooling Capacity 3520 W. Hizo ni wati za joto ambalo mashine inaliondoa chumbani. Chini yake, kwa herufi za sisimizi, kulikuwa na Power Input 1090 W, ndio umeme inaokula. Kwenye mashine ya pili jicho lake lilitua moja kwa moja kwenye mstari wa umeme. Kwa hiyo alikuwa analinganisha mzigo anaobeba mmoja na chakula anachokula mwenzake.

Simcheki. Stika zenyewe zinaandika wati mara mbili kwenye karatasi moja, kwa maana mbili, kisha muuzaji anakuja na "moja na nusu" yake ambayo haipo popote kwenye stika. Madukani kwetu nguvu ya AC inatajwa kwa lugha nne: BTU, kilowati, HP (nguvu ya farasi) na tani. Mashine ni ileile, ila kila lugha inajibu swali lake. Ukijua swali lako, kuchagua lugha kunakuwa rahisi.

## Nitazipima kwa maswali gani

Kila kipimo nitakiuliza mambo manne. Kinapima nini hasa, joto linalohamishwa au umeme unaoingia? Kukigeuza kwenda kipimo kingine ni kazi rahisi au ni kubahatisha? Dukani kinaaminika kiasi gani? Na mwisho, kinamfaa nani.

Kabla ya hapo kuna jambo moja ambalo usipolishika, hesabu zote zilizo mbele zitakugeuka. Chukua hita ya kuogea, ile ya bombani, ya wati 4,500. Hiyo inaugeuza umeme kuwa joto, wati kwa wati. Zidisha 4,500 kwa 3.412 upate BTU 15,354 kwa saa, na hesabu imeishia hapo. AC ni kitu kingine. Haitengenezi baridi, inalizoa joto la chumbani na kwenda kulitupa nje ya ukuta. Kuli wa bandarini anabeba gunia la kilo mia, lakini hali ugali wa kilo mia. Ndiyo maana AC ya BTU 18,000, inayohamisha joto jingi kuliko lile linalotolewa na hita, inaweza kula wati 1,600 tu, kidogo zaidi ya theluthi ya hita.

Kwa hiyo kuna kugeuza kwa aina mbili. Joto kwenda joto, yaani BTU kwenda wati za kupoza, kuna namba moja isiyobadilika: 3.412. Joto kwenda umeme hakuna namba moja, kwa sababu inategemea uhodari wa mashine yenyewe. Makosa mengi ninayokutana nayo yanatokana na kutumia ile 3.412 mahali ambapo haihusiki: mtu anachukua 12,000, anagawanya, anapata 3,517, kisha anatangaza nyumba nzima kwamba AC "inakula kilowati tatu na nusu". Haili hivyo. Ndiyo inazozihamisha.

## BTU

Inapima nini. Joto peke yake. BTU moja ni joto la kupandisha paundi moja ya maji kwa digrii moja ya Farenhaiti, karibu sawa na kijiti kimoja cha kiberiti kikiungua hadi mwisho. Mashine ya 12,000 inaondoa chumbani joto la vijiti elfu kumi na mbili kila saa. Hayo maneno "kila saa" yanaangushwa na kila mtu, wauzaji, mafundi na watengenezaji wenyewe, kwa hiyo ukisikia BTU kwenye AC jua ni BTU kwa saa.

Kuigeuza. Kwenda kilowati za kupoza, gawanya kwa 3,412. Kichwani, zidisha elfu za BTU kwa 0.3 kisha punguza kidogo: 12 mara 0.3 ni 3.6, punguza, basi ni kama 3.5. Kwenda umeme unahitaji namba inayoitwa EER, ambayo ni BTU ngapi mashine inahamisha kwa kila wati moja ya umeme. Gawanya BTU kwa EER, upate wati. Kama EER haikuandikwa popote, mimi hugawanya kwa 10. Ni hesabu ya mtu mwoga, kwa kuwa AC nyingi za ukutani za kawaida huangukia 10 hadi 11 na inveta nzuri (AC inayopunguza au kuongeza mwendo badala ya kuzima na kuwaka) huzidi 12, lakini ukikosea unakosea upande usiounguza waya.

Dukani. Hii ndiyo lugha imara kuliko zote kwenye soko letu. Saizi zinajulikana: 9,000, 12,000, 18,000, 24,000. Hata stika ikiwa imefutika, namba ya modeli mara nyingi ina 09, 12, 18 au 24 katikati yake. Kuna kuzungusha kidogo, mashine ya 11,600 au 12,300 zote zitaitwa "kumi na mbili", ila hilo halimuumizi mtu. Udhaifu wake ni kwamba iko kimya kabisa kuhusu bili. AC mbili za 12,000 zinaweza kupishana umeme kwa robo nzima na BTU isikwambie lolote.

Inamfaa nani. Anayetafuta saizi ya chumba. Hapa BTU haina mpinzani, kwa sababu chumba chenyewe ni suala la joto: jua, bati, watu, friji, jiko la pembeni. Mtu mmoja aliyekaa ametulia anatoa joto kama la wati 100, yaani BTU 340 hivi kwa saa, kwa hiyo watu sita wanaotazama mpira sebuleni wamekwisha kuleta BTU 2,000 kabla jua halijahesabiwa. Mafundi wengi huanzia BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha shemeji ni mita 4 kwa 3.6, ukizidisha unapata 8,640, na 9,000 ingetosha. Lakini kiko chini ya bati, dirisha linatazama magharibi, basi nikampandisha hadi 12,000. Nisingempandisha zaidi ya hapo. AC ya kawaida ikiwa kubwa mno inakipoza chumba haraka na kuzima kabla haijakausha unyevu, na kwa hewa yetu ya pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, unaishia kulala kwenye baridi chepechepe.

## Kilowati

Inapima nini. Yote mawili, na hapo ndipo utamu na sumu yake. Kuna kilowati za kupoza na kuna kilowati za umeme. Kwenye stika tafuta Cooling Capacity au Capacity kwa joto, na Power Input au Rated Input kwa umeme. Ukiona namba mbili za wati, kubwa na ndogo, kubwa ni joto, ndogo ni umeme. Siku ukikuta kinyume chake kwenye AC, rudi nyumbani.

Kuigeuza. Hapa mambo ni matamu. Gawanya kilowati za kupoza kwa kilowati za umeme, upate COP, uhodari wa mashine, bila kuhitaji jedwali wala kikokotoo cha mtandaoni. Mashine ya kwanza ya shemeji: 3,520 kwa 1,090 ni 3.2. Ya pili nayo, ambayo ni inveta, tulipoutafuta mstari wake wa juu, ilikuwa inapoza 3,520. Ukigawanya kwa 880 unapata 4. Kila wati inayoingia inabeba wati nne za joto kwenda nje. Ukiletewa EER na unataka COP, gawanya kwa 3.412. EER 11 ni COP 3.2, ni kitu kilekile kimevaa kanzu tofauti.

Na kilowati za umeme zinaingia kwenye LUKU bila kupiga hodi: kilowati moja kwa saa moja ndiyo yuniti moja. Tahadhari tu na ndimi za watu, maana utasikia "kilowati" na "yuniti" vikitumika kama pacha. Kilowati ni kasi ya kula, yuniti ni kilichokwisha liwa. BTU nayo ina ugonjwa uleule, kama tulivyoona.

Dukani. Mashine zinazolenga Ulaya na Japani huongoza na kilowati, na baadhi ya modeli zina 25, 35, 50 au 71 kwenye jina. Hizo ni wati za kupoza zikiwa zimekatwa sifuri mbili, kwa hiyo 35 ni wati 3,500, yaani 12,000 yetu. Za Kichina zinazoanza na KFR-35 ni hesabu hiyohiyo. Nimewahi kuona mteja akiikataa "35" akidhani ni kubwa kuliko "18", kumbe ya 18 ndiyo kubwa. Moja ilihesabiwa kwa wati, nyingine kwa BTU.

Jambo jingine ambalo stika inalisema kwa kunong'ona: wati hizo zimepimwa kwenye hali maalumu. Kipimo cha kawaida, kinachoandikwa T1, kinachukua nje kuwa nyuzi 35. T3 ni ya nchi za joto kali, nje nyuzi 46, na ndiyo utakayoikuta kwenye mashine za Ghuba. T1 hii haina undugu na T1 ya TANESCO, usije ukabishana dukani kuhusu tarifu. Dar na Mombasa T1 inatosha, isipokuwa mashine ya nje umeifungia kwenye kibaraza kisichopitisha hewa, hapo umeitengenezea Muscat yako mwenyewe.

Inamfaa nani. Anayelinganisha mashine mbili za saizi moja, anayepiga hesabu ya LUKU, na anayetaka kuendesha AC kwa jenereta au sola. Huyu wa mwisho asiishie kwenye Power Input. Kompresa ya AC ya kawaida inapoamka inavuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa muda wa kupepesa jicho, na muda huo unatosha kuzimisha jenereta ndogo. Inveta huamka polepole. Kwa nyumba ya sola mimi sisiti kusema achukue inveta, na namba anayoitazama iwe wati za umeme, siyo BTU.

## HP

Inapima nini. Kusema kweli, haipimi kitu siku hizi. Ni jina la saizi, kama namba ya kiatu. Nguvu ya farasi ilipangwa na James Watt, yule wa injini za mvuke, na ni sawa na wati 746 hivi. Kwamba kipimo alichokitunga mwenyewe na kipimo kilichopewa jina lake vinagombana leo kwenye AC moja, hilo sidhani alilitegemea.

Asili ya matumizi yake kwenye AC ni umeme wa kompresa. Wachina wana neno lao, pi, wanalolitumia kuhesabia farasi, na zamani mashine iliyokula wati 735 hivi, farasi mmoja wa kipimo cha metriki, ilipoza kama wati 2,500. Hiyo ikawa "ya farasi mmoja". Mashine zimebadilika, zinakula kidogo zaidi kwa kazi ileile, jina limebaki.

Kuigeuza. Usijaribu kwa kikokotoo. Ukigeuza BTU 12,000 kuwa nguvu za farasi kwa hesabu halali unapata 4.7, na hakuna duka lenye AC ya farasi wanne na ushei inayotosha chumba cha kulala. Ukienda upande wa umeme, farasi 1.5 ni wati 1,119, ambayo kwa bahati inakaribiana na ile 1,090 ya mashine ya kawaida ya shemeji, lakini kwa inveta ya 880 haikaribiani na chochote. Njia pekee ni kukariri: 1 ni 9,000, 1.5 ni 12,000, 2 ni 18,000, 2.5 ni 24,000. Utaona namba zenyewe hazipandi kwa uwiano, farasi mmoja na nusu wangestahili 13,500. Tena si kila nchi inakariri hivyo. Misri ile ya 24,000 wanaiita 3 HP.

Dukani. Inasikika kila kona, na mazungumzo yanakwenda haraka nayo. "Nipe moja" na "nipe mbili" zinaeleweka Kariakoo kuliko namba nyingine yoyote. Nisiibeze: kwa saizi ndogo, moja na moja na nusu, wauzaji karibu wote wanakubaliana. Ugomvi unaanzia mbili na nusu kwenda juu.

Inamfaa nani. Anayeuliza bei kwa simu maduka kumi kwa dakika ishirini. Na fundi anayekuja kujaza gesi, akiuliza mashine ni ya ngapi. Kuhesabia bili au kuchagulia waya kwa HP, hapana.

## Tani

Inapima nini. Joto, kama BTU, ila kwa kipimo kikubwa. Inatoka zama za biashara ya barafu Marekani. Tani moja ya kwao, paundi 2,000, ikiyeyuka ndani ya saa 24 inanyonya BTU 288,000, kwa kuwa kila paundi ya barafu inataka 144. Gawanya kwa 24, upate 12,000 kamili kwa saa. Mashine inayofanya kazi ya barafu hiyo ikaitwa ya tani moja. Haihusiani na uzito wa AC, ingawa mafundi walioibeba hadi ghorofa ya nne wanaweza kubisha.

Kuigeuza. Rahisi kupita zote: tani mara 12,000 ni BTU, tani mara 3.5 ni kilowati za kupoza. Kwenda umeme, masharti ni yaleyale ya BTU.

Dukani. Kwetu utaikuta zaidi kwenye mitambo ya hoteli, misikiti, kumbi na maofisi, na kwenye mashine za kutoka India. Oman na Emirati ndiyo lugha ya mtaani, na ndipo ilipotuchanganya sisi. Mjomba wetu aliyeko Muscat alikuwa amemwambia shemeji kwa simu, "Chukua moja na nusu, usihangaike." Muuzaji wa Kariakoo naye akasema moja na nusu, na wote wawili walisema kweli. Moja na nusu ya mjomba ni tani: BTU 18,000. Ya muuzaji ni HP: 12,000. Tofauti ni BTU 6,000, nusu ya mashine nzima, na imejificha kwenye maneno matatu.

Inamfaa nani. Anayejenga ukumbi au duka kubwa, ambako BTU zinafika laki kadhaa na sifuri zinaanza kumkimbia mtu. Kwa chumba kimoja haiongezi kitu ambacho BTU haijasema.

## Zikikaa pamoja

| BTU kwa saa | Kilowati za kupoza | Tani | HP ya dukani |
|---|---|---|---|
| 9,000 | 2.6 | 0.75 | 1 |
| 12,000 | 3.5 | 1 | 1.5 |
| 18,000 | 5.3 | 1.5 | 2 |
| 24,000 | 7.0 | 2 | 2.5 |

Safu ya umeme haimo kwa makusudi. Hiyo inatoka kwenye stika ya mashine unayotaka kununua, siyo kwenye jedwali la mtu. Mashine za zamani zina kipimo cha tano, kilokalori kwa saa: gawanya kwa 860 upate kilowati za kupoza, kisha uisahau.

## Kutoka stika hadi LUKU

Turudi Kariakoo. Tuseme shemeji anawasha AC kwa muda wa saa nane kila usiku, na kompresa inafanya kazi sehemu sita kwa kumi ya muda huo, maana chumba kikishapoa inapumzika. Mashine ya kwanza: 1.09 mara 8 mara 0.6, yuniti 5.2. Ya pili, hata tukiinyima sifa yake ya kupunguza mwendo na kuihesabu kama ya kawaida: 0.88 mara 8 mara 0.6, yuniti 4.2. Tofauti ni yuniti moja kwa usiku. Yeye ananunua umeme kwa shilingi 356 hivi kwa yuniti, kodi na tozo zikiwa ndani, kwa hiyo mwezi ni kama shilingi 10,700.

Inveta ilizidi bei kwa laki mbili na nusu. Gawanya, miezi ishirini na mitatu na kidogo, kabla haijaanza kumrudishia faida. Hiyo si mara nne aliyodhani alipolinganisha 3,520 na 880, lakini si haba kwa mtu anayelala na AC kila siku. Kwa chumba cha wageni kinachofunguliwa Idi na Krismasi, mashine ya kwanza ndiyo ningeichukua mimi, na fedha iliyobaki ikanunua pazia zito la dirisha la magharibi.

Kwa walio kwenye tarifu ya D1, wenye zile yuniti 75 za bei nafuu kwa mwezi, angalieni: kwa yuniti 5.2 kwa usiku, AC peke yake inazimaliza kwa wiki mbili hivi, kabla friji na pasi hazijagusa mita. Walioko Mombasa na Unguja waweke bei zao mahali pa 356. Hesabu iliyobaki haibadiliki.

## Ushike kipi, kulingana na ulipo

Kama bado hujui mashine ya saizi gani, ongea BTU. Pima chumba, zidisha kwa 600, ongeza kwa ajili ya bati na jua na watu, kisha panda hadi saizi inayofuata dukani.

Kama saizi umeshaijua na zimebaki mashine mbili tatu, achana na BTU. Soma wati za kupoza na wati za umeme, gawanya, chukua COP za zote mbili uziweke mbele ya bei. Muuzaji akikwambia EER ya moja na COP ya nyingine, zigeuze ziwe kitu kimoja kwanza. EER 11 inaonekana kubwa kuliko COP 4 na ndiyo dhaifu.

Kama unataka kujua itakula kiasi gani nyumbani, wati za umeme tu, mara saa, mara bei ya yuniti. Ukiwa huna stika mkononi, BTU gawanya kwa 10.

Kama ni jenereta au sola, anza na wati za umeme, ongeza nafasi ya kompresa kuamka, na umwonyeshe fundi picha ya stika badala ya kumtajia HP. Brakeri na waya vivyo hivyo, vichaguliwe kwa ampea zilizoandikwa kwenye stika.

Kama unazungukia bei kwa simu, sema HP, lakini malizia na swali "ya BTU ngapi?" kabla ya kutuma hela. Duka lisiloweza kulijibu hilo, mshukuru muuzaji na ukate simu.

Na kama ushauri umetoka kwa ndugu aliyeko Muscat au Dubai, mrudie. Mwambie asitaje moja wala moja na nusu, ataje elfu. Mjomba wetu tulipomuuliza hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumi na nane. Kwani huko mnauziana vipi?"